Kabla ya springi ya lori

Barabara ya kutoka Tinde kwenda Shinyanga mjini haikauki malori, na malori hayaishi kukata springi. Hivyo ukisikia kisu kimefuliwa Didia, kando ya barabara hiyo, uliza kwanza kama si springi.

Lakini kuchagua chuma katika nchi hii kulianza zamani mno. Upande wa Geita na Buzinza, Warongo walikuwa wakichoma mawe ya chuma kwa makaa na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, mengine yakitolewa mahari. Donge lililotoka tanurini halikuwa sawasawa: huku laini, huku limekunywa kaboni ya makaa likawa feleji. Mhunzi alijua kwa nyundo. Magharibi mwa Ziwa Victoria, Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 katika jarida la Science kuwa mababu wa eneo hilo walitengeneza feleji miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wakabishana kuhusu joto la tanuri.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928. Majembe ya Ulaya yakaja kwa bei nafuu, tanuri zikazimika, na wahunzi wakahamia kwenye vyuma chakavu.

Hapo ndipo macho yanapodanganya. Nondo ina kaboni kidogo. Ukiifanya kisu, makali hayakai. Springi ina karibu asilimia 0.6, tupa nzuri hufika 1 na kuzidi. Ukizigusisha kwenye grenda, cheche za nondo hukimbia moja kwa moja, za tupa hupasuka matawi mengi, za springi zipo katikati. Tupa hutoa kisu kikali cha buchani, ila kwa panga la kukatia vichaka mimi siitaki: ikigonga jiwe humeguka.

Na springi zenyewe si moja. Nyingi za malori ya Kijapani zina kromiamu. Nyingine zimetiwa silikoni. Zikiwa na kutu hutazitofautisha. Zote zizimwe kwenye oili, kwani maji huweza kuzipasua, kisha zipashwe moto mdogo. Ya silikoni ikikaa sana motoni hupoteza kaboni juu ya ngozi, kwa hiyo isuguliwe zaidi kabla ya kunolewa. Springi iliyokatika ndiyo rahisi kupatikana, lakini mara nyingi imebeba nyufa zisizoonekana, hasa karibu na tundu la bolti ya katikati. Hapo pasifuliwe kitu.