Gia Nyepesi Si Aibu

Wasee, kuna hii story ya mtaani ati direila ya mkono mfupi ndiyo ya wakali, na ya mkono mrefu ni ya wazembe. Hiyo aibu haikuanza Nairobi. Ina zaidi ya miaka 100, na chimbuko lake ni Ufaransa.

Direila ni kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, hakutaka kukiona kwenye mbio zake. Kwake, gia za kubadilisha zilikuwa za wazee. Kijana ashinde kwa misuli! Basi waendeshaji walifika chini ya mlima, wakashuka, wakafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie gia nyepesi ya upande wa pili. Imagine kufanya hivyo vidole vimeganda kwa baridi.

Desgrange aliugua 1936, Jacques Goddet akashika usukani, na 1937 direila zikaruhusiwa. Roger Lapébie akashinda mwaka huo huo akiwa nayo. Jina lake liko kwenye orodha ya mabingwa hadi leo.

Sasa mkono unaingia wapi? Ukitoka gia kubwa kwenda ndogo, cheni inalegea, na mkono ndio unaovuta huo ulegevu. Baiskeli za milimani zilipoenea miaka ya 1980 zikiwa na gia 3 mbele, ulegevu ukazidi, mkono ukabidi urefuke.

Mimi niliacha chuo lakini hii hesabu naiweza. Mbele, toa meno ya gia ndogo kwa kubwa. Nyuma fanya vivyo hivyo, kisha jumlisha. Mbele 50 na 34, nyuma 34 na 11: 16 na 23, jumla 39. Hapo mfupi mwingi haufiki. Ukiulazimisha, cheni itaning'inia, ama ukiikata sana, ibane hadi ing'oe direila. Lakini mbele 52 na 36, nyuma 25 na 11, ni 30 tu. Mfupi unatosha, tena ni mwepesi kidogo.

Kwa hivyo ukienda kwa fundi, achana na ile inayotoka fiti kwa picha. Kama wikendi zako ni kupanda kutoka Mai Mahiu, hesabu meno, chukua mrefu, upande ukiwa umekaa. Anayekucheka anarudia maneno ya Desgrange, na Desgrange alishindwa 1937.