Huruma Yenye Bei: Uungwana wa Manaiti na Walioulipia

Mwaka 1152 Mfalme Stephen wa Uingereza aliizingira ngome ya Newbury. Mwenye ngome, John Marshal, aliomba vita visimamishwe kwa muda, na ili neno lake liaminike akamweka rehani mwanawe William, mtoto wa miaka ipatayo 5. Kisha akautumia muda ule kuingiza chakula na askari ngomeni. Alipoambiwa kwamba mtoto atanyongwa, alijibu kuwa nyundo na fuawe za kufulia wana wengine bado anazo. Mtoto akapelekwa kunyongwa, akapelekwa kwenye mtambo wa kurushia mawe, na kila mara mfalme akashindwa kumuua. Siku moja wawili hao walionekana hemani wakicheza vita vya mabua, kila mmoja akijitahidi kukikata kichwa cha bua la mwenzake.

Kisa hiki kimo katika utenzi wa Kifaransa cha kale wenye mistari zaidi ya 19,000, uliokamilika yapata mwaka 1226 kwa agizo la mwana wa William huyo. Mtoto wa rehani alikua akawa naiti, yaani askari mpanda farasi mwenye deraya na hadhi, na uzeeni akawa mlezi wa ufalme mzima. Utenzi ulitungwa kumsifu, hivyo msomaji hana budi kuupima. Hata hivyo, sifa nazo ni ushahidi, kwa kuwa hutuonyesha watu wa tabaka lile walijivunia nini. Hoja ya makala haya ni kwamba huruma ya manaiti ilikuwa kwanza mkataba wa watu wa tabaka moja, ulioshikiliwa na fedha, na gharama zake zikabebwa na watu ambao mkataba haukuwahusu.

Neno na tabaka

Wafaransa waliuita utamaduni huu chevalerie, jina linalotokana na farasi. Sisi hupenda kuuita uungwana, na tafsiri hiyo ina maana pana kuliko inavyodhaniwa. Katika miji ya pwani yetu, muungwana alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, mwenye asili yake mjini. Adabu ilihesabiwa kuwa pambo la hadhi hiyo. Vivyo hivyo katika Ufaransa na Uingereza za karne ya 12, naiti hakuwa mtu yeyote mwenye moyo mwema. Alikuwa mtu mwenye farasi wa vita, deraya ya pete za chuma na ukoo wa kumdhamini. Maadili yake yaliota juu ya mali hiyo.

Kwa nini mateka aliishi

Mkataba huo uliokoa maisha, na ni haki kulikiri hilo. Mtawa Orderic Vitalis aliandika kwamba katika vita vya Brémule vya mwaka 1119 walipambana manaiti wapatao 900, wakafa 3 tu. Alitaja sababu kadhaa: deraya zao, hofu ya Mungu na udugu wa silaha. Mwanahistoria John Gillingham ameonyesha pia jinsi desturi za Wanormani zilivyobadili siasa za Uingereza. Baada ya Waltheof, mtawala wa Northumbria, kukatwa kichwa mwaka 1076, ilipita zaidi ya miaka 200 kabla mkuu mwingine wa Uingereza mwenye cheo kama chake hajauawa kwa namna hiyo.

Lakini udugu huo ulikuwa na daftari. William alipofanywa naiti, katika miaka ya 1160, farasi wake aliuawa katika pambano lake la kwanza kule Normandy. Akiwa mtoto wa kiume asiye na urithi, ilimlazimu kuuza joho lake la siku ya kufanywa naiti ili anunue farasi wa kawaida. Kilichomtoa katika ufukara ni mashindano ya vita. Haya hayakuwa maonyesho ya uwanjani mbele ya mabibi walioketi. Vikosi viwili vilipambana katika eneo la maili kadhaa, kupitia mashamba na vijiji, na aliyetekwa alitoa farasi, silaha au fidia. William aliungana na mwenzake Roger de Gaugi wagawane mapato, na karani wa jikoni wa mfalme kijana, bwana wa William wakati huo, akaweka orodha: manaiti 103 katika miezi 10. Naiti hai alikuwa mali. Maiti yake haikuwa na faida.

Kanisa liliyapiga marufuku mashindano hayo kule Clermont mwaka 1130, bila mafanikio. Mwaka 1194 Mfalme Richard aliyaruhusu Uingereza katika sehemu 5, akayatoza ada kwa cheo: maki 20 kwa mkuu wa daraja la juu, na maki 2 kwa naiti asiye na ardhi. Bei ya kila mtu ilijulikana.

Nani aliyelipa

Richard mwenyewe alikuwa ametoka kifungoni mwaka huohuo. Alikamatwa karibu na Vienna Desemba 1192, na fidia yake ikafikia maki 150,000, nyingi zikitakiwa kabla hajaachiwa. Ili zipatikane, watu walitozwa robo ya mapato na ya mali zao zinazohamishika. Watawa walitoa sufu ya kondoo wao, na makanisa yakatoa vyombo vya fedha. Mkulima ambaye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Austria aliulipia uungwana wa mfalme wake.

Mfano ulio mzito zaidi ni vita vya mji wa Lincoln, tarehe 20 Mei 1217. William, sasa mzee wa miaka ipatayo 70, aliliongoza jeshi la mfalme mtoto Henry III kwa haraka kiasi kwamba nusura aingie vitani bila chapeo. Bwana wa Perche, kiongozi wa upande wa pili, alipokataa kujisalimisha alichomwa mkuki machoni akafa, na hata maadui zake wakamlilia. Manaiti kwa mamia walitekwa wakiwa hai. Kisha askari wakaugeukia mji. Nyumba, maduka na makanisa viliporwa hadi kitu cha mwisho. Wanawake waliokimbia na watoto na vyombo vyao walijazana katika mashua ndogo wasizojua kuziendesha, wakazama mtoni. Washindi waliipa siku hiyo jina la Gulio la Lincoln.

Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba vita bila fidia vingekuwa vibaya zaidi, na Courtrai ya mwaka 1302 yaweza kutolewa kama ushahidi. Pale wafumaji na mafundi wa miji ya Flanders, wakipigana kwa miguu, waliwaua manaiti wa Ufaransa bila kupokea fidia, wakatundika vichokoo vyao vya dhahabu vya kuendeshea farasi kanisani. Lakini watu hao hawakuwahi kupewa nafasi katika mkataba. Wangewajibikaje kuheshimu ahadi ambayo wao wenyewe hawakuahidiwa?

Hitimisho

William alikufa Mei 1219, akazikwa katika Kanisa la Temple, London. Alipokuwa mahututi aliambiwa kwamba hataokoka asiporudisha alivyonyang'anya. Utenzi unasema alijibu kwamba aliteka manaiti 500 na kuchukua silaha na farasi wao, wala hawezi kuvirudisha. Ikiwa hilo linamfungia mbingu, basi hakuna atakayeokoka. Ni jibu la mtu aliyeipima nafsi yake kwa dhati. Hesabu yake ilikuwa kamili kwa waliokuwamo katika mkataba, farasi kwa farasi. Wanawake waliozama Lincoln hawamo katika hesabu hiyo, na kila tunapouita utamaduni huu uungwana, ni wajibu wetu kuwarudisha.