Kitabu ambacho Mugaya hakukiandika

Kila nikitoka Bunda kwenda Musoma, nikifika njia panda ya Butiama namkumbuka Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano kati ya wake 22 wa Chifu Nyerere Burito.

Mwanawe Julius, akisoma Makerere miaka ya 1940, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake wa Kizanaki. Hoja aliipata kwa John Stuart Mill. Ushahidi alikua nao nyumbani, kwa wake wa baba yake, maana aliona kazi waliyoifanya.

Sawa, lakini hiyo ni sauti ya mtoto wa kiume. Mugaya aliishi mpaka 1997. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya alikuwa ametoa Shida, na Martha Mvungi Hana Hatia: wanawake walikuwa wameshika kalamu. Yeye hakuacha kitabu.

Bibi yangu naye vilevile. Alikuwa akinisimulia ndoa yake huku anapepeta ulezi, na babu akiingia, ananyamaza. Nilichelewa kuandika, leo nimebaki na vipande tu, na vingi ni vile vya kunyamaza.

Kama bibi yako bado yupo, kaa naye. Andika kwa maneno yake, sio yako.