Ajira ya Watoto: Mjadala wa Kulegeza Sheria Marekani

Ajira ya watoto, ambayo Marekani ilidhaniwa kuwa imekwisha kuhukumiwa, ilirudi kuwa mada ya mabishano makali mwaka 2023, waajiri walipolalamika kwamba wafanyakazi ni haba. Asili ya mabishano hayo ni kongwe: sheria ya Keating-Owen ya mwaka 1916, iliyozuia bidhaa za viwanda vilivyotumikisha watoto zisisafirishwe baina ya majimbo, ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1918, na hifadhi thabiti haikupatikana ila mwaka 1938, ilipopitishwa sheria ya Fair Labor Standards, ambayo hata leo inaharamisha kazi za hatari, zisizo za kilimo, kwa walio chini ya miaka 18.

Mwaka 2023 jimbo la Arkansas liliondoa sharti la kibali cha serikali kwa waajiriwa walio chini ya miaka 16, nalo Iowa likaongeza saa za kazi za vijana. Watetezi wanasema kwamba kazi hufunza adabu na kwamba idhini ni haki ya mzazi, si ya dola. Wapinzani hujibu kuwa kibali kilikuwa ushahidi wa umri mbele ya mkaguzi. Na mwaka huohuo kampuni ya Packers Sanitation Services ilitozwa dola milioni 1.5 kwa kuwaajiri watoto 102, wengine wa miaka 13, kusafisha machinjio usiku. Mbele ya ushahidi huo, kulegeza sheria ni kumdhulumu aliye dhaifu kuliko wote.