Fataki Zilizolowa: Bunduki za Vita Kuu Zilivyopita Upare

Mwezi Mei 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka kutoka Kahe yakifuata mto Pangani na reli ya Usambara, milima ya Upare ikiwa ubavuni mwao. Askari wa King's African Rifles walipitia pengo la Ngulu. Wajerumani walirudi nyuma kituo baada ya kituo, wakaiacha Same, wakang'oa reli walikopita. Baadhi ya bunduki walizobeba zilikuwa zimekaa chini ya bahari mwaka mmoja tu kabla ya hapo.

Utengenezaji wa silaha Upare ni wa kale kuliko reli hiyo, iliyofika Moshi mwaka 1911. Huko Ugweno, wahunzi wa ukoo wa Washana walikusanya mchanga mweusi wenye chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na vichwa vya mishale. Wachaga, ambao Kilimanjaro yao haina mawe ya chuma, walikuwa wanunuzi wao wakubwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, anaeleza kuwa Washana walitawala Ugweno hadi ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Kazi yote, tangu mchanga hadi ncha ya mkuki, ilifanyika mlimani. Mkuki ukipinda, aliyeufua alikuwa jirani, na ulirudi kwake.

Bunduki ilileta utaratibu mwingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya pwani ilipanda bonde la Pangani na magobore, na watawala waliokaa njiani, kama Semboja wa Mazinde, wakapata nguvu ambayo mkuki haukuweza kuizuia. Nguvu hiyo ilikuwa na sharti lake: baruti ilitoka pwani, na pwani iliipata ng'ambo.

Sharti hilo liliwabana hata Wajerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wao zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, inayopakiwa risasi moja moja. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi, hivyo kila aliyefyatua alimwonyesha adui mahali alipo. Ushindi wao dhidi ya Waingereza huko Tanga, Novemba 1914, uliwapa nyara za kutosha kuzipa kampuni tatu bunduki za kisasa, pamoja na risasi zipatazo 600,000.

Aprili 1915 meli Rubens ilifika kutoka Ujerumani ikiwa imejificha kwa jina na bendera ya Denmark. Manowari Hyacinth ya Waingereza iliifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Nahodha Carl Christiansen aliizamisha mwenyewe katika maji ya kina kifupi na kuacha sitaha ikiwaka moto. Waingereza wakaamini imeteketea, wakaondoka. Wapiga mbizi wakaanza kutoa shehena: bunduki za aina ya 98 zipatazo 1,800, na risasi mamilioni.

Bunduki ya 98 ilikuwa silaha ya masafa. Ilitumia baruti isiyo na moshi, ilibeba risasi tano kwa mpigo, na shabaha yake ilipimwa kuanzia mita 400 hadi 2,000. Mtutu ulifutwa, ukapakwa mafuta, ukawa mzima. Taabu ilikuwa katika risasi. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye maganda, baruti ikaanza kuharibika, na fataki, kile kikombe kidogo kinachowasha baruti kinapogongwa, nazo zikaoza.

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi karakana ya Moshi Mpya ilivyofanya kazi hiyo kwa miezi. Risasi zilifunguliwa moja moja, chembe za baruti zikasafishwa, fataki mbovu zikabadilishwa kwa zilizopatikana nchini. Kisha zikajaribiwa na kugawanywa kwa madaraja. Zile ambazo hazikuwa zimeharibika zilitengwa kwa ajili ya bombomu, kwa kuwa bunduki ya Maxim hutumia mrudisho wa kila risasi kujipakia inayofuata. Moja isipolia, mashine yote husimama. Za wastani zilipewa askari, ambaye angeweza kuvuta komeo, kuitoa iliyogoma na kutia nyingine. Mbovu zaidi zilibaki za mazoezi ya shabaha.

Ninawapa heshima waliokaa mezani wakifungua risasi hizo, kwa sababu uhai wa askari porini ulitegemea macho na vidole vyao. Lakini heshima hiyo isifunike machungu ya watu wa njiani. Kila sanduku la risasi lilipokosa reli lilipata bega la mpagazi, na wapagazi walichukuliwa vijijini kwa maelfu, pande zote mbili za vita. Wengi hawakurudi, na majina yao hayakuandikwa.

Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha mjini Abercorn, Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Za Kijerumani zilikuwa zimekwisha njiani, kwa sababu risasi zake hazikuwa na pa kutoka tena.

Hilo ndilo somo ambalo shule za Same na Mwanga zingefaa kulifundisha kando ya tarehe za mapigano. Ufundi hupimwa kwa kuuliza ni hatua ngapi za kazi zilizo mikononi mwa anayekitumia kifaa. Dola kubwa ilishindwa kujitengenezea fataki za kutosha katika nchi iliyoitawala, ilhali wahunzi wa Ugweno, kwa chombo chepesi zaidi, walimiliki kila hatua. Tanuru zao zilizimwa na chuma cha bei nafuu kilicholetwa kutoka nje, na wala si kwa upungufu wa maarifa. Mabaki ya chuma kilichoyeyushwa bado yako kwenye miteremko ya Ugweno. Yastahili kulindwa na kufundishwa kama historia ya uhandisi wa nchi hii.