Wazee wa Kerugoya na Safari ya Matibabu ya Bure

Historia ya matibabu ya bure kwa wazee wa Kerugoya na miji mingine iliyo chini ya Mlima Kenya haikuanza na sheria ya wazee, bali na hatua ya mwaka 1965, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipofuta ada ya wagonjwa wa nje, yaani wanaotibiwa bila kulazwa. Mwaka uliofuata ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, ambao kwanza uliwalenga waajiriwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Hivyo mkulima wa kahawa wa Kirinyaga, ilipo Kerugoya, asiye na mwajiri wala pensheni, alizeeka akiitegemea hospitali ya serikali.

Tegemeo hilo lilitikisika Desemba 1989, serikali, ikibanwa na wakopeshaji wa kimataifa, ilipoanzisha uchangiaji wa gharama, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu. Asiyejiweza aliweza kuomba msamaha wa malipo, lakini ilimbidi kwanza aeleze ufukara wake mbele ya mhudumu, jambo zito kwa mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa. Mwaka 2004 ada ilishushwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 ikafutwa, ingawa presha na kisukari, maradhi yanayowaandama wazee, hudai dawa za kila siku na vipimo ambavyo mara nyingi hupatikana hospitalini tu.

Katiba ya 2010 humhesabu mtu kuwa mzee apitapo miaka 60, lakini mpango wa Inua Jamii uliopanuliwa mwaka 2018, ulioahidi posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi pamoja na bima ya NHIF, uliweka mpaka wa miaka 70, na muongo huo uliorukwa ndio ambao mwili huanza kudhoofika.

Desemba 2018 Nyeri iliingizwa katika majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, kwa kuwa magonjwa yasiyoambukiza yalikuwa yameenea huko. Mzee wa Karatina, mji ulio Nyeri, aliyesajiliwa alitibiwa bure katika hospitali ya umma, ilhali mwenzake wa Kerugoya, mwenye presha ileile, aliendelea kulipa kwa sababu tu nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mpaka wa kaunti, na tofauti hiyo haikuwa ya haki.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Huduma za zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na serikali, lakini gharama za kulazwa hutegemea mchango, ambao kwa asiye na mshahara ni asilimia 2.75 ya mapato yanayokadiriwa kwa maswali kuhusu makazi na mali, nao hulipwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini, shilingi 3,600, hukaribia posho ya miezi 2 ya Inua Jamii. Na mkulima wa miaka 65 asiyepata posho hiyo huzitoa katika malipo ya kahawa, ambayo kwa kawaida hayamfikii kila mwezi.