CHEPSEON: MJI WA BARABARANI NA HAKI YA NJIA

Adhana ya Magharibi ikiingia, ukishaonja tende, mkono unaenda kwenye chai. Je, umewahi kujiuliza hayo majani yamepita njia gani hadi kufika kwenye birika lako?

Basi twende Chepseon. Ukitoka Nakuru kuelekea Kericho unapita Mau Summit, halafu Londiani Junction, na mbele kidogo unakuta mji umejipanga pembeni mwa lami. Baridi yake ni ya kuvaa sweta mchana. Wenyeji ni Wakipsigis. Wasalimie "Chamgei" uone watakavyofurahi.

Zamani njia kubwa haikuwa hiyo. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita Londiani, Lumbwa, Fort Ternan na Muhoroni. Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Enzi hizo biashara ilifuata stesheni. Miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaanzisha mashamba ya chai Kericho, juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa wenyeji, na wachumaji wakaja kutoka mbali: Wakisii, Waluo, Waluhya.

Baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi upande wa Londiani na Kipkelion yaligawanywa na mengine kununuliwa, watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani. Malori na matatu yakachukua nafasi ya treni, na biashara ikapanda barabarani. Ndiyo maana miji kama Chepseon haina umbo la mviringo. Ni mirefu kama kamba. Mama mboga anauza viazi na kabeji pale gari linaposimama, na kijana wa boda boda anangoja abiria hapo hapo.

Lakini njia inayoleta riziki huleta pia mtihani. Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara za Bonde la Ufa zilifungwa kwa mawe na magogo, na jirani akamkimbia jirani. Mamia walijificha katika nyumba ya watawa wa Kikatoliki kule Kipkelion. Halafu jioni ya Ijumaa, 30 Juni 2023, siku mbili tu baada ya Idd-ul-Adh-ha, lori lilishindwa kusimama pale Londiani Junction, likavamia magari, boda boda na wachuuzi. Watu zaidi ya 50 walifariki. Wengi hawakuwa safarini. Walikuwa kazini, wakitafuta chakula cha jioni cha watoto wao.

Vijana wenzangu, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha maswahaba kwamba anayekaa njiani aipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia maudhi na kuitikia salamu. Sasa jiulize: dereva anayekimbiza gari sokoni ili awahi futari, ameipa njia haki yake? Na anayeweka mawe barabarani kwa sababu ya kabila la mtu? Na sisi tunaojenga vibanda hadi kwenye ukingo wa lami, na viongozi wanaotuacha bila soko salama?

Leo ukinywa chai yako, mkumbuke aliyeichuma na aliyeisafirisha. Ukiwa njiani kwenda nyumbani kwa Idd, mwambie dereva apunguze mwendo. Usione haya.

Wabillahi tawfiq.